Duka dogo la kazi za mikono: namna ya kuliendesha bila kumpunja fundi

Kabla ya kutafuta fremu, kabla hata ya kufikiria jina la duka, amua jambo moja: hutachukua mali kauli, yaani mali ya watu utakayoilipia ikishauzika.

Naanza hapo kwa sababu ndipo haki inapovunjika katika biashara hii. Mama anatoka kijijini na mikoba kumi ya ukindu. Mwenye duka anaiangalia, anaisifu, kisha anamwambia, "Iache, mama, ikiuzika nitakupigia." Mikoba inatundikwa mlangoni, jua linaipiga, rangi inafifia. Baada ya miezi mitatu imeuzika minne. Mama amekwisha panda gari mara mbili kufuatilia, na mara zote mbili ameambiwa mwenye duka yuko safarini. Mtaji wa duka hilo umetoka kwa nani? Umetoka kwake yeye, mtu mwenye fedha kidogo kuliko wote waliohusika, naye hakupewa hata riba.

Mimi mwenyewe nilianza hivyo hapa Bagamoyo, na si kwa nia mbaya. Sikuwa na mtaji, na kila duka nililolijua lilifanya vivyo hivyo. Nilichojifunza ni kwamba duka lenye mikoba ishirini iliyolipiwa lina haki zaidi ya duka lenye mikoba mia mbili ya watu. Kwa hiyo anza na vitu vichache kadiri ya fedha yako, lakini viwe vyako.

Hatua ya kwanza: wafuate mafundi waliko

Usianze kwa kununua kwa mchuuzi anayezunguka na mzigo. Nenda kijijini, ukae, uone kazi tangu mwanzo. Kwa ukindu utaona makuti machanga ya mkindu yakikatwa, yakianikwa, yakichanwa nyuzi, yakichemshwa na rangi sufuriani. Ndipo ukili, utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkoba, unaposukwa, pima kwa pima (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), na mwisho kushonwa kwa shazia, ile sindano kubwa. Mtu aliyeona tu mkoba uliokamilika hudhani kazi ni kushona. Kushona ni sehemu fupi tu.

Ukiwa pale, uliza maswali ambayo mnunuzi wa kawaida haulizi. Nani anakata ukindu, na anautoa wapi? Mikindu inabaki hai au inakatwa hadi moyo? Kikundi kina watu wangapi wanaosuka kweli, na wangapi ni majina ya kwenye karatasi? Watoto wanasaidia baada ya shule, au wameacha shule? Fedha ikija, nani anaipokea?

Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Nimeona oda nzuri ikilipwa yote kwa mwenyekiti wa kikundi, na miezi miwili baadaye wasusi watatu hawajaona shilingi. Tangu hapo kila msusi namlipa kwenye simu yake mwenyewe, na jina lake linaandikwa daftarini pamoja na idadi ya alivyoleta. Kikundi kikitaka makato ya mfuko wao, wanakatana wenyewe, kwa makubaliano yao, baada ya kila mtu kushika chake.

Kwa mwaka wa kwanza vikundi viwili vinatosha, kimoja cha ususi na kimoja cha kitu kingine: vinyago, vyungu, ushanga, chochote kilichoota mizizi mahali ulipo. Aliye Iringa ana vikapu vya milulu, aliye upande wa Machakos au Kitui ana vyondo, na aliye karibu na Tabaka kule Kisii ana mawe ya kuchonga. Ukichukua vikundi kumi kwa mkupuo, kila kimoja kitapata oda moja kwa mwaka, na oda moja kwa mwaka haimsaidii mtu kupanga maisha yake.

Hatua ya pili: bei ianzie kwa fundi

Hapa usiharakishe. Sehemu kubwa ya maduka hupanga bei kwa kuanzia mwisho: mtalii atalipa ngapi, toa faida yangu, toa kodi ya pango, kinachobaki ndicho cha msusi. Geuza hesabu hiyo.

Kaa na wasusi watatu, mwepesi mmoja, wa wastani mmoja, na mmoja anayeanza. Usiwaulize "mkoba unachukua siku ngapi?" Siku ya mwanamke kijijini ina shamba, maji, watoto na jiko ndani yake, hivyo jibu litakuwa "siku nne" au "wiki", na halitakusaidia. Uliza kwa pima. Pima moja ya ukili inachukua muda gani ukikaa bila kunyanyuka? Mkoba huu unakula pima ngapi? Shika hesabu ya msusi wa wastani.

Tuseme pima moja ni saa moja na nusu, na mkoba unataka pima nane. Hizo ni saa 12. Kukata, kuanika na kuchana ni saa 3, kuchemsha rangi saa 1, kushona saa 2. Jumla saa 18.

Sasa saa moja ni shilingi ngapi? Anza na kibarua. Mtu akienda kulima shamba la mwenzake hapo kijijini analipwa ngapi kwa siku? Ususi usilipwe chini ya hapo hata kidogo, maana ni kazi ya ujuzi. Kisha pima kwa maisha: malipo ya siku moja yananunua unga, mafuta, sabuni, na kubakisha cha daftari la mtoto? Yasipofika, panda. Tuseme mmekubaliana shilingi 1,200 kwa saa.

Saa 18 mara 1,200 ni 21,600. Ongeza rangi 1,500, uzi na mambo madogo 900, sehemu ya nauli 1,000. Msusi anapokea 25,000 kwa mkoba mmoja.

Hapo ndipo zamu ya duka inapofika. Andika gharama za duka kwa mwezi bila kuficha kitu. Kwa mfano: pango 300,000, mshahara wa muuzaji 400,000, umeme, intaneti na mlinzi 100,000, akiba ya leseni na kodi 100,000, matengenezo 60,000. Jumla 960,000.

Wengi wanagawa kiasi hicho kwa idadi ya vitu. Nilifanya hivyo mwaka mzima. Ukiuza vitu 80 kwa mwezi, kila kitu kinabeba 12,000. Mkoba unaweza, lakini bangili uliyoinunua 3,000 haiwezi kubeba 12,000, hakuna atakayeigusa. Gawa kwa thamani ya manunuzi. Kama unanunua bidhaa za 2,000,000 kwa mwezi, na zote zinauzika, basi kila shilingi moja ya bidhaa inabeba senti 48 za gharama za duka. Mkoba wa 25,000 unabeba 12,000, bangili ya 3,000 inabeba 1,440. Kila kimoja kwa uwezo wake.

Mkoba basi: 25,000 za msusi, 12,000 za duka, 1,500 usafiri mpaka dukani, 1,000 lebo na mfuko, 1,500 fidia ya vitakavyoharibika au kulala. Hiyo ni 41,000. Weka faida 4,000, uza 45,000. Zaidi ya nusu ya fedha ya mteja imekwenda kijijini, na unaweza kuionyesha karatasi hiyo kwa yeyote bila aibu.

Itakuwaje soko likikataa 45,000? Usikimbilie kukata kwenye zile 25,000. Angalia kwanza kama mkoba mdogo wa pima tano ungeuzika, kama pango limezidi nguvu zako, au kama mkoba wenyewe haujapata mteja wake. Vitu vingine havina soko mahali ulipo, na ni afadhali kumwambia msusi ukweli huo mapema kuliko kumnunulia kwa bei ya kumvunja.

Hatua ya tatu: oda iandikwe, arbuni itolewe

Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, lililoanzishwa mwaka 1989, lina kanuni 10, na moja yake inahusu malipo. Kwa kazi za mikono, fundi akiomba, mnunuzi atoe walau nusu ya thamani ya oda mapema, bila riba, na kilichobaki amalizie kama walivyopatana. Hata kama hutajiunga nalo kamwe, ichukue kanuni hiyo kama ilivyo. Arbuni ndiyo inayonunua rangi. Bila arbuni msusi anakwenda kukopa, na riba ya mkopo ule inakula bei nzuri mliyopatana.

Oda iwe karatasi moja, kwa Kiswahili, nakala mbili: aina ya kitu, idadi, vipimo, rangi, bei ya kimoja, arbuni iliyotolewa, tarehe ya kupokea, na nini kitatokea kukiwa na kasoro. Wasiosoma wasomewe mbele ya wenzao. Tarehe uipange pamoja nao. Ukidai mikoba 60 kuelekea msimu wa kulima, unaomba mtu achague kati ya oda yako na chakula cha mwaka, na usije ukalalamika akichagua shamba.

Ukifuta oda baada ya kazi kuanza, lipa kilichokwisha fanyika. Hata kama ni ukili tu ambao haujashonwa.

Hatua ya nne: ubora ni makubaliano

Tengenezeni sampuli mbili zinazofanana. Moja ikae kwa kikundi, moja dukani. Mzozo ukitokea, mnazilaza pamoja na kuangalia, badala ya kubishana kwa maneno. Badala ya kutaja sentimita pekee, kata kamba mbili za urefu uleule, moja yao, moja yako.

Kuna mambo machache ambayo nimelipia kuyajua:

Rangi. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua mkoba. Kikitoka na rangi, nguo ya mteja itatoka nayo pia. Mara nyingi dawa yake ni kuchemsha muda mrefu zaidi na kusuuza mpaka maji yawe meupe.

Ukungu. Wakati wa masika ukindu usiokauka vizuri huota madoa meusi ukiwa umerundikwa. Pokea mzigo mkavu, uanike tena kivulini penye upepo siku moja, na usifunge kwenye nailoni.

Mbao mbichi. Kinyago kilichochongwa kwa mti usiokauka kitapasuka, hasa kikipelekwa nchi za baridi ambako nyumba zinapashwa joto na hewa inakuwa kavu mno. Kipime kwa mizani siku ya kukipokea, kipime tena baada ya wiki mbili. Kikipungua uzito, bado kinakauka, kisiuzwe.

Bungua. Unga laini wa mbao chini ya kinyago ni dalili ya mdudu huyu anayetoboa mbao. Kiweke kinyago hicho mbali na vingine siku hiyohiyo. Kilichofungwa vizuri kwenye mfuko na kukaa kwenye friza wiki mbili kwa kawaida hupona.

Mpingo wa uongo. Kuna mbao nyeupe zinazopakwa dawa ya viatu. Kitambaa chenye unyevu hutoka cheusi, na kipande chake huelea majini, ilhali mpingo halisi huzama.

Kasoro ikiwa ya duka, yaani maelekezo yako hayakueleweka au umebadilisha mawazo, hasara ni yako. Ikiwa ya fundi, mrudishie airekebishe na umpe nafasi, kisha kaeni muone ilitokea wapi. Kukata fedha kimyakimya kwenye malipo ni kumnyang'anya mtu.

Karatasi za serikali

Kwa Tanzania Bara: jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi TRA (mamlaka ya mapato), leseni ya biashara halmashauri. Zanzibar ina taasisi zake, usichanganye. Uliza TRA mapema kuhusu mashine ya risiti ya EFD na makadirio ya kodi, maana viwango hubadilika na bajeti za kila mwaka, na kodi usiyoiweka kwenye bei utailipa kutoka mfukoni mwa fundi.

Vikundi vyako navyo visaidie kusajiliwa kwa afisa maendeleo ya jamii. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wanatoa mafunzo. Kikundi chenye mtaji wake kinaweza kukukatalia bei mbaya, na hilo ulifurahie.

Hatua ya tano: ndani ya duka

Bei iandikwe kwenye kila kitu, na iwe moja kwa Mzungu, kwa Mtanzania na kwa jirani. Kupatana bei ni utamaduni wetu, naupenda sokoni, lakini hapa shilingi unayopunguza ilikwisha lipwa kwa mtu. Ninapoombwa kupunguza nageuza lebo: nyuma yake imeandikwa ngapi ni ya msusi, ngapi ya duka. Wachache wanaondoka. Walio wengi wananyamaza, kisha wanalipa.

Utaombwa pia kamisheni na waongoza watalii. Kila mmoja anatafuta riziki na sina ugomvi nao, ila jiulize kamisheni hiyo itatoka sehemu gani ya zile 45,000. Kama huna jibu, usiahidi. Ninachofanya mimi ni kuwapa chai, maji, mahali pa kukaa wageni wao wakichagua, na zawadi ndogo yenye thamani inayojulikana. Baadhi wamehamia kwingine. Wengine wamebaki, nao wanawaleta wageni wanaopenda kujua kitu kimetengenezwaje.

Usiuze huruma. Lebo iseme jina la msusi kama ameridhia, kijiji, aina ya ukindu, pima zilizotumika na jina la mtindo. Isitangaze ujane wake, ugonjwa wake wala idadi ya mayatima anaowalea. Picha yake ipigwe amevaa anavyotaka yeye, aione, na akubali kabla haijabandikwa. Mikono inayosuka ukili wa ncha nyingi bila kukosea ina ya kusimuliwa tele, hadithi ya umaskini haihitajiki.

Mitindo nayo ina wenyewe. Msusi akibuni mchoro, usiupeleke kwa kikundi kingine kinachosuka kwa bei nafuu. Afrika Mashariki tulishaonja hili mwaka 2006, kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili neno "kikoy" kama alama yake ya biashara na Wakenya wakalazimika kupinga. Unyang'anyi wa namna hiyo unaweza kutokea pia kati ya duka na kijiji, tena kwa urahisi zaidi, kwa sababu hakuna wakili anayeangalia.

Na kuna vitu visiingie dukani kabisa: magamba ya ng'amba, pembe za ndovu, kombe na matumbawe ya baharini. Mteja anaweza kukamatwa navyo uwanja wa ndege, na bahari ni yetu.

Msimu wa kiangazi na msimu wa njaa

Wageni hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha tena kuanzia Desemba mpaka Februari. Aprili na Mei, mvua zikikolea, mtaa unakuwa mtupu. Duka linalotegemea watalii peke yao huacha kununua miezi hiyo, na ndiyo miezi ambayo kijijini akiba imekwisha na mavuno bado.

Tenga sehemu ya mauzo ya msimu mzuri, kwenye akaunti yake, kwa ajili ya oda za masika. Kazi iliyosukwa Aprili itauzwa Julai. Tafuta pia wateja wasiokuja na ndege: hoteli zinazohitaji makapu ya nguo chafu, wapambaji wa harusi, ofisi zinazotoa zawadi za mwisho wa mwaka, misikiti na majumbani panapotakiwa mikeka. Mteja wa Dar es Salaam anayerudi mara nne kwa mwaka ana faida kubwa kuliko wageni wanne wa siku moja.

Kuuza nje, na suala la nembo

Biashara hii ya haki haikuanza na kahawa. Mwaka 1946 Mmarekani Edna Ruth Byler alirudi kutoka Puerto Rico na vitambaa vilivyodariziwa na wanawake wa huko, akawa anaviuza kwa marafiki zake. Ndiyo mbegu ya Ten Thousand Villages, maduka ya kazi za mikono ya huko Marekani. Kwa hiyo usione duka lako dogo halina nafasi.

Lakini usibandike nembo ya WFTO wala ya Fairtrade ambayo hukupewa. Nembo ya Fairtrade utaiona zaidi kwenye mazao kama kahawa, chai na maua. WFTO hukagua shirika zima linavyofanya kazi, na inafaa zaidi kazi za mikono. Uanachama una ada na ukaguzi. Kabla hujaufikia, andika kwa maneno yako unachofanya na uweke hesabu wazi.

Ukituma mizigo ya ukindu au mbao, uliza mapema cheti cha afya ya mimea. Mpingo umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, hivyo kuusafirisha nje kunataka kibali. Shehena ya bidhaa zilizokamilika isiyozidi kilo 10 za mpingo imeachwa nje ya sharti la kibali hicho. Ikizidi hapo, anzia ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu. Shehena ya kwanza iwe ndogo. Dai arbuni kwa mnunuzi wa nje kama wewe unavyoitoa kijijini, maana arbuni yake ndiyo inayobeba yako.

Kila Januari, na siku ya kufunga

Mara moja kwa mwaka, beba daftari uende nalo kijijini. Soma mbele ya wote: tulinunua kiasi gani, tuliuza kiasi gani, kilichobaki ni ngapi, kimekwenda wapi. Kisha rudieni hesabu ya saa na pima. Rangi imepanda? Nauli imepanda? Kibarua cha shamba sasa ni ngapi? Bei mpya ianze kwa oda inayofuata, isingoje mpaka waombe. Mara ya kwanza hakuna atakayesema neno. Mara ya tatu bibi mmoja atakuuliza kwa nini umeme wa duka ni mwingi hivyo, na utalazimika kujibu.

Pengine duka litashindwa. Mengi hushindwa, na heshima ya mwenye duka huonekana hapo. Ukiona miezi mitatu mfululizo mauzo hayafiki gharama, acha kupokea oda mpya za wateja, wala usichukue arbuni usiyoweza kuitimiza. Lipa kwanza fedha zote za mafundi, kabla ya mwenye nyumba, kabla yako. Rudisha sampuli na picha. Waambie ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Kisha orodhesha wateja wako wakubwa, hoteli, wapambaji, mnunuzi wa nje, uwaombe ruhusa, na ukabidhi majina na namba zao kwa kikundi.